Fomu I-9 kwa mfanyakazi wa mbali: nani akague nyaraka, lini, na kwa njia gani

Mwajiri wa Marekani anayemchukua mtu afanye kazi akiwa nyumbani kwake hana ruhusa ya kulegeza ukaguzi kwa sababu tu hawajawahi kuonana. Sheria ya uhamiaji ambayo Rais Reagan aliitia saini tarehe 6 Novemba 1986 inataka kila aliyeajiriwa baada ya siku hiyo, awe raia au mgeni, awe na fomu I-9 iliyojazwa. Fomu yenyewe inauliza maswali mawili: huyu ni nani, na je, anaruhusiwa kufanya kazi Marekani? Mtu akiwa mbele yako mezani, maswali yote mawili hujibiwa kwa mkupuo mmoja. Akiwa mbali, yanaachana, na hapo ndipo waajiri wengi huchanganya mambo. Wengine hudhani simu ya video inamaliza kila kitu, wengine hudhani E-Verify, mfumo wa serikali wa mtandaoni unaolinganisha taarifa za mfanyakazi na rekodi za serikali, unamaliza kila kitu, ilhali kimoja hakiwezi kuziba pengo la kingine.

Kabla ya yote, jua nani hahusiki. Mtu anayefanya kazi akiwa nje ya ardhi ya Marekani, hata kama kampuni ni ya Marekani na mshahara unalipwa kwa dola, hajaziwi I-9. Akihamia Marekani na kuanza kufanya kazi akiwa huko, hesabu inaanza. Mkandarasi wa kujitegemea naye hajaziwi, kwa kuwa si mwajiriwa. Lakini asikudanganye mtu kwamba ukandarasi ni mlango wa nyuma: kumtumia mkandarasi huku ukijua hana ruhusa ya kufanya kazi ni kosa lilelile, na kumwita mtu mkandarasi huku unampangia saa, vifaa na bosi hakumwondoi kwenye orodha ya waajiriwa.

Saa inayohesabu

Sehemu ya 1 ya fomu hujazwa na mfanyakazi mwenyewe, na lazima ikamilike kabla siku ya kwanza ya kazi haijaisha. Anaweza kuijaza mapema, ila si kabla hajapewa kazi na kuikubali. Kumtumia mwombaji I-9 wakati bado unamsaili ni kosa, maana unaonekana kumchuja kwa hadhi yake ya uhamiaji.

Sehemu ya 2 ni ya mwajiri. Inapaswa kukamilika ndani ya siku 3 za kazi baada ya siku ya kwanza. Anayeanza Jumatatu, mwisho wake ni Alhamisi. Anayeanza Ijumaa katika ofisi isiyofungua wikendi, mwisho wake ni Jumatano. Ajira yenyewe ikiwa ya chini ya siku 3, Sehemu ya 2 nayo ikamilike siku ileile ya kwanza. "Siku ya kwanza" ni ile anayoanza kufanya kazi kwa malipo, si siku aliyotia saini mkataba wala siku kompyuta ilipomfikia. Mafunzo ya utangulizi yanayolipwa yanahesabika, na hapa wengi hujikuta wamechelewa kwa wiki nzima: mtu alilipwa kwa mafunzo ya Jumatatu, lakini ofisi ya rasilimali watu ikaanza kuhesabu kutoka Jumatatu iliyofuata alipopangiwa kazi rasmi.

Katika Sehemu ya 1 mfanyakazi huchagua kisanduku kimoja kati ya vinne: raia wa Marekani, mwenye utaifa wa Marekani asiye raia (kama wazaliwa wa Samoa ya Marekani), mkaazi wa kudumu, au mgeni mwenye ruhusa ya kufanya kazi. Kisanduku cha nne kina nafasi ya tarehe ya mwisho wa ruhusa. Mkimbizi na aliyepewa hifadhi ya kisiasa, ambao haki yao ya kufanya kazi haina kikomo, huandika N/A, yaani haihusiki. Namba ya Social Security, yaani ya hifadhi ya jamii, ni hiari kuandikwa, isipokuwa mwajiri akiwa anatumia E-Verify. Hapo ni lazima.

Fomu rasmi ipo kwa Kiingereza na Kihispania tu, na ya Kihispania inaruhusiwa kujazwa Puerto Rico peke yake. Kwa hiyo mfanyakazi anayehitaji kutafsiriwa anaweza kusaidiwa na ndugu, jirani au mtu mwingine yeyote, mradi msaidizi huyo ajaze na kutia saini Kiambatisho A. Kwa mtu wa mbali kiambatisho hiki husahaulika kirahisi, kwa sababu msaidizi ameketi sebuleni na mwajiri hamwoni. Uliza mapema kama kuna aliyemsaidia.

Nyaraka: mfanyakazi ndiye anayechagua

Nyaraka zimegawanywa katika orodha tatu. Waraka mmoja wa Orodha A hujibu maswali yote mawili: pasipoti ya Marekani au kadi ya pasipoti, kadi ya ukaazi wa kudumu ambayo wengi huiita grini kadi, kadi ya ruhusa ya kazi I-766, au pasipoti ya nje yenye fomu I-94 (kumbukumbu ya kuingia nchini) kwa anayeruhusiwa kumfanyia kazi mwajiri maalumu. Asiye na waraka wa Orodha A huleta viwili: kimoja cha Orodha B kinachoonyesha yeye ni nani, kwa mfano leseni ya udereva au kitambulisho cha jimbo, na kimoja cha Orodha C kinachoonyesha haki ya kufanya kazi, kwa mfano kadi ya Social Security au cheti cha kuzaliwa cha Marekani. Kadi ya Social Security iliyopigwa maandishi ya kuzuia au kuwekea kazi masharti haifai kwa Orodha C, hata kama namba yake ni halali.

Uchaguzi ni wa mfanyakazi. Mwajiri humtumia ukurasa wa orodha zote tatu, kisha hunyamaza. Kusema "tutumie grini kadi yako" ni kuvunja sheria, hata kama mfanyakazi amejaza mwenyewe kwamba ni mkaazi wa kudumu. Mkaazi huyo ana haki ya kuleta leseni ya udereva na kadi yake ya Social Security, na mambo yakaishia hapo. Vivyo hivyo mkimbizi. Hapa kuna uonevu unaojirudia mno: mkimbizi ana leseni halali na kadi ya Social Security isiyo na masharti, lakini kampuni inamng'ang'ania alete kadi ya ruhusa ya kazi, na ikichelewa kutoka inamsimamisha. Hiyo ina jina kisheria, ni kudai nyaraka kwa ubaguzi. Kitengo cha haki za wahamiaji na waajiriwa, IER, kilicho chini ya Wizara ya Sheria, hupokea malalamiko ya namna hiyo.

Kuna pia risiti. Aliyepoteza waraka, kuibiwa au kuharibikiwa anaweza kuonyesha risiti ya kuomba mwingine, na risiti hiyo inampa siku 90 za kuleta waraka wenyewe. Mkimbizi aliyefika karibuni anaweza kutumia I-94 yake yenye muhuri wa ukimbizi kama risiti ya siku 90. Risiti ya kuomba waraka kwa mara ya kwanza haikubaliki kwa kawaida, na wala risiti yoyote haikubaliki kwa kazi ya chini ya siku 3.

Waraka wowote uliopita tarehe haukubaliki. Kipimo cha uhalisi, kwa upande mwingine, hakihitaji utaalamu wa uchunguzi: je, mtu wa kawaida akiutazama waraka huu ataona ni halisi na ni wa huyu aliyeuleta? Ukiona hapana, unaukataa na kumwomba alete mwingine anaoutaka yeye kutoka orodha zilezile.

Njia mbili za kukagua ukiwa mbali

Kati ya tarehe 20 Machi 2020 na tarehe 31 Julai 2023, kwa sababu ya korona, serikali iliruhusu nyaraka zikaguliwe kwa video au barua pepe, kwa masharti kwamba baadaye zitakaguliwa kwa mkono. Ruhusa hiyo imekwisha. Bado kuna kampuni zinazoendelea na mtindo ule kana kwamba hakuna kilichobadilika, na fomu zao zote za tangu Agosti 2023 zina dosari ileile. Leo kuna njia mbili.

Ya kwanza ni ya zamani: mwakilishi aliyeidhinishwa. Mwajiri humteua mtu yeyote aliye karibu na mfanyakazi, naye hushika nyaraka halisi mkononi huku mfanyakazi akiwa mbele yake, kisha hujaza na kusaini Sehemu ya 2 kwa niaba ya mwajiri. Anaweza kuwa mfanyakazi mwenzake wa mji huo, notari (afisa anayeshuhudia saini), mkutubi, jirani, hata mke au mume. Asiyeweza ni mfanyakazi mwenyewe. Serikali haidai barua ya uteuzi, ingawa kuwa nayo ni busara. Notari akitumika anafanya kazi ya mwakilishi tu, na hatakiwi kupiga muhuri wake kwenye fomu. California ina masharti yake ya ziada: notari asiyesajiliwa na kuwekewa dhamana kama mshauri wa uhamiaji haruhusiwi kujaza I-9.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba makosa ya mwakilishi ni makosa ya mwajiri. Shangazi aliyeombwa asaidie ataandika namba ya waraka kwenye safu ya tarehe, ataacha cheo chake wazi, au atajaza Orodha A, B na C zote kwa nia njema. Dawa yake ni rahisi: kuwa naye kwenye simu wakati anajaza, akupigie picha fomu kabla hajaagana na mfanyakazi, na aandike anwani ya kampuni, si ya nyumbani kwake, mahali pa mwajiri. Jambo moja halina mjadala: aliyeziona nyaraka ndiye anayesaini. Shangazi kukagua Ohio na meneja kusaini Texas ni saini ya uongo chini ya tamko la kiapo.

Njia ya pili ilianza tarehe 1 Agosti 2023. Inaitwa utaratibu mbadala, na inaruhusu nyaraka kukaguliwa kwa video bila mtu kuzigusa. Si ya kila mwajiri. Ni ya waliosajiliwa E-Verify katika vituo vyote vya ajira wanakotumia utaratibu huo, wanaofuata masharti yote ya mfumo, na ambao watumiaji wao wamemaliza mafunzo yake, yakiwemo ya kutambua nyaraka bandia na ya kuepuka ubaguzi. Asiye kwenye E-Verify hana video. Abaki na mwakilishi.

Utaratibu wenyewe una mpangilio ambao haugeuzwi. Kwanza mfanyakazi hutuma nakala za nyaraka alizochagua, mbele na nyuma kama zina pande mbili. Mwajiri huzipitia nakala hizo akiangalia kama zinaonekana halisi. Halafu, na ni baada ya hapo tu, wanazungumza kwa video ya moja kwa moja, mfanyakazi akionyesha kwenye kamera nyaraka zilezile alizotuma. Video iliyorekodiwa na kutumwa haihesabiki. Kisha aliyekagua anajaza Sehemu ya 2, anatia tiki kisanduku kinachosema utaratibu mbadala umetumika, na kampuni inahifadhi nakala zilizo wazi na zinazosomeka, pande zote mbili, ili ziwepo siku ya ukaguzi.

Kisanduku hicho kipo kwenye sehemu ya maelezo ya ziada ya Sehemu ya 2, nacho ni kidogo kuliko umuhimu wake. Kazi yote ikifanywa sawasawa na tiki ikasahaulika, fomu inasema kwamba ulishika nyaraka mkononi, jambo ambalo si kweli. Kilianza na toleo la fomu la tarehe 08/01/23. Anayetumia toleo la kabla ya hapo hata hana pa kutia tiki, kwa hiyo tazama tarehe ya toleo chini ya ukurasa kabla ya kumtumia mtu fomu.

Kwenye video yenyewe, usitosheke na kadi iliyosimamishwa sekunde mbili mbele ya kamera. Mwombe mfanyakazi asogee penye mwanga, azime mandhari ya bandia nyuma yake kwa kuwa hukata kingo za kadi na za uso, kisha ashike waraka kando ya uso wake. Aupindishe taratibu ili alama zinazobadilika rangi zionekane zikicheza, augeuze nyuma, halafu ulinganishe namba na nakala uliyonayo, tarakimu kwa tarakimu. Pasipoti ifunguliwe ukurasa wa picha. Picha ikigandaganda au sauti ikikatika, ahirisha kwa saa moja kuliko kusaini ulichokisia. Kumbuka tu kwamba kipimo hakijabadilika: unatafuta waraka unaoonekana halisi na wa huyu mtu, hufanyi mahojiano ya uhamiaji. Kumuuliza alizaliwa wapi au aliingia vipi nchini hakuna nafasi hapa.

Usawa nao una sheria yake. Ukitoa utaratibu mbadala katika kituo fulani, utoe kwa wafanyakazi wote wa kituo hicho. Kinachoruhusiwa ni kuwatofautisha wa mbali na wa ofisini: wa mbali kwa video, wa ofisini na wanaochanganya nyumbani na ofisini kwa ana kwa ana, mradi nia isiwe kuwabagua kwa uraia au asili. Kusema "raia tutawapigia video, wageni walete kadi mkononi" ni kujitafutia kesi. Na mfanyakazi asiyetaka au asiyeweza kutuma nakala zake mtandaoni ana haki ya kukaguliwa kwa mkono, hivyo hata kampuni ya video inahitaji kuwa na mwakilishi wa akiba.

Kuhusu kutuma nakala, barua pepe ya kawaida ni mahali pabaya. Pasipoti na kadi ya Social Security vikikaa pamoja kwenye kikasha cha barua cha karani kwa miaka, kikasha hicho kikivunjwa umempa mwizi kila anachohitaji. Tumia mahali pa kupakia faili penye ulinzi, na ufute nakala zilizobaki kwenye simu na barua.

E-Verify inajibu nini

E-Verify haina malipo. Ilianza mwaka 1997 kama majaribio katika majimbo matano, na leo inaendeshwa na Wizara ya Usalama wa Ndani (DHS) kwa kushirikiana na idara ya Social Security (SSA). Kwa waajiri wengi ni hiari, lakini si kwa wote. Wakandarasi wa serikali kuu ambao mikataba yao ina kifungu hicho wanabanwa nayo, Arizona inaidai kwa waajiri wote, na Florida, tangu tarehe 1 Julai 2023, inaidai kwa kampuni binafsi zenye wafanyakazi 25 au zaidi. Kwa anayeajiri watu wa majimbo mengi, sheria ya jimbo anakokaa mfanyakazi inaweza kumbana hata kama makao makuu yapo kwingine.

Mwajiri hufungua kesi si zaidi ya siku ya 3 ya kazi baada ya mfanyakazi kuanza, akitumia taarifa za I-9 iliyokwisha kujazwa. Kuitumia kuchuja waombaji ni marufuku, na kuwapitisha wafanyakazi wa zamani pia, isipokuwa pale mikataba fulani ya serikali inaporuhusu. Waraka wa Orodha B kwa mwajiri wa E-Verify lazima uwe na picha. Mfanyakazi ambaye bado hajapata namba ya Social Security anaendelea na kazi: unaandika kwa nini kesi imechelewa, kisha unaifungua namba ikifika.

Mara nyingi jibu huja papo hapo kwamba anaruhusiwa. Lisipokuja hivyo, linaweza kusomeka kuwa taarifa hazilingani. Hiyo si hukumu. Sababu za kawaida ni za kuchosha tu: aliolewa akabadili jina bila kuijulisha SSA, alipata uraia na rekodi ya SSA bado inamwona mgeni, jina lake lina vipande vinne na karani aliandika vitatu, au tarehe ya kuzaliwa imegeuzwa siku ikawa mwezi. Kosa hili la mwisho huwapata hasa waliozoea kuandika siku kwanza, kwani Marekani mwezi hutangulia.

Mwajiri amjulishe mfanyakazi faraghani, ampe Notisi ya Hatua Zaidi, na afanye hivyo ndani ya siku 10 za kazi za serikali. Kwa mtu wa mbali, faraghani maana yake ni simu ya wawili na hati kupitia njia salama, si ujumbe kwenye kundi la idara. Mfanyakazi akiamua kufuatilia, anapata siku 8 za kazi za serikali kufika SSA au kuwasiliana na DHS. Muda wote huo hafukuzwi, hasimamishwi, hapunguziwi saa, wala kompyuta yake haicheleweshwi kutumwa. Kampuni nyingi hukosea hapo bila kujua, kwa kuweka sheria ya ndani kwamba vifaa havitumwi mpaka E-Verify iseme ndiyo. Akiamua kutofuatilia, au jibu la mwisho likiwa kutolingana, mwajiri anaruhusiwa kumwachisha. Akimbakiza baada ya jibu hilo la mwisho, lazima aijulishe DHS.

Kinachopita katikati ya matundu

E-Verify hulinganisha jina, namba na tarehe na rekodi za serikali. Haijui kama anayezitumia ndiye mwenyewe. Mtu akiiba taarifa za raia halali, rekodi zote zitalingana, kwa sababu raia huyo yupo kweli na anaruhusiwa kweli. Kulinganisha picha hufanyika kwa pasipoti ya Marekani, kadi ya pasipoti, grini kadi na kadi ya ruhusa ya kazi tu, na hapo unalinganisha picha ya waraka na picha ya mfumo. Uso wa mtu kuulinganisha na waraka ni kazi yako wewe kwenye video. Anayeleta leseni na kadi ya Social Security anakwepa ulinganisho wa picha wote, na huruhusiwi kumdai pasipoti ili uzibe pengo.

Hili limekwisha kutokea kwa kiwango kikubwa. Julai 2025 mahakama ya Marekani ilimhukumu mwanamke wa Arizona kifungo cha miezi 102. Nyumbani kwake alikuwa ameweka laptopu za kampuni nyingi, zikiwashwa kwake ili zionekane ziko Marekani, huku wanaozitumia wakiwa mafundi wa kompyuta wa Korea Kaskazini walioko ng'ambo. Walitumia utambulisho wa Wamarekani 68 walioibiwa taarifa zao, wakaajiriwa na kampuni zaidi ya 300, na mpango mzima uliingiza zaidi ya dola milioni 17. Karatasi za watu hao zilitosha kuwapitisha kampuni baada ya kampuni.

Kwa maoni yetu, tundu hili halizibwi kwa kuikaza I-9, maana kuikaza ni kuingia kwenye ubaguzi. Linazibwa kando yake, kwa hatua zilezile kwa kila mwajiriwa. Aliyemsaili mtu kwa video awepo pia kwenye video ya nyaraka, au angalau aone uso huo siku ya kwanza, kwani mbinu moja ya kawaida ni mtu mmoja kusailiwa na mwingine kufanya kazi. Kompyuta itumwe kwenye anwani iliyoandikwa Sehemu ya 1, na ombi la ghafla la kubadilisha anwani baada ya ajira lizue maswali bila kujali ni nani ameliomba. Programu za kuiongoza kompyuta kutoka mbali zizuiwe tangu mwanzo. Mshahara uingie kwenye akaunti yenye jina la mfanyakazi.

Baada ya faili kufungwa

Ruhusa ya kazi yenye kikomo hukaguliwa tena kabla ya tarehe yake kuisha, kwenye Kiambatisho B, nacho kina kisanduku chake cha utaratibu mbadala. Usirudie ukaguzi kwa raia, kwa mkaazi wa kudumu aliyeonyesha grini kadi hata kadi hiyo ikiisha muda, wala kwa leseni iliyopita tarehe. E-Verify haitumiki kwa ukaguzi wa kurudia. Kuhusu kadi za I-766, angalizo: kwa miaka kadhaa maombi mengi ya kuzihuisha yaliongezewa muda yenyewe, kwa baadhi ya makundi hadi siku 540, lakini maombi yaliyowasilishwa kuanzia tarehe 30 Oktoba 2025 kwa sehemu kubwa hayapati nyongeza hiyo. Kalenda ya ukumbusho iliyowekwa kwa kanuni ya zamani itamwacha mtu akifanya kazi bila ruhusa.

Ukigundua kosa kwenye fomu, piga mstari juu yake, andika sahihi, weka herufi za kwanza za jina lako na tarehe ya leo. Usifute kwa wino mweupe. Usirudishe tarehe nyuma hata siku moja: fomu iliyochelewa na ikakiri kuchelewa ina faini, ila iliyoghushiwa tarehe ina faini na pia inaonyesha nia mbaya. Kwa viwango vilivyotangazwa Januari 2025, kosa la karatasi ni kati ya dola 288 na 2,861 kwa kila fomu, na kumwajiri mtu huku ukijua haruhusiwi, kwa mara ya kwanza, ni kati ya dola 716 na 5,724 kwa kila mtu. Wakaguzi wa ICE, idara ya uhamiaji na forodha iliyo chini ya DHS, wakileta notisi, una angalau siku 3 za kazi za kuzitoa fomu, na kwa dosari ndogo za kiufundi hupewa siku 10 za kazi kuzirekebisha.

Fomu huhifadhiwa miaka 3 tangu siku ya kuajiriwa au mwaka 1 tangu kazi kuisha, ile tarehe inayochelewa zaidi. Aliyeanza tarehe 1 Machi 2022 na kuondoka tarehe 30 Septemba 2022, fomu yake ilipaswa kutunzwa hadi tarehe 1 Machi 2025. Aliyeanza siku hiyohiyo na kuondoka tarehe 30 Juni 2025, yake inatunzwa hadi tarehe 30 Juni 2026. Tarehe ikipita, iteketezwe pamoja na nakala za nyaraka zake, na iondolewe pia kwenye hifadhi ya akiba ya kompyuta.